Skima ya ukubwa gani kwa tangi la maji chumvi la lita 300?

Kifuu_Bluu

Wakuu habari zenu. Naombeni ushauri maana nimesoma mpaka nimechanganyikiwa. Nina tangi la maji chumvi, vipimo sm 120 kwa 50 kwa 50, chini kuna kabati lenye sampu (tangi dogo ambalo maji ya juu hushukia kisha pampu huyarudisha). Maji na mawe tayari yako ndani, yanazunguka, samaki bado. Mpango wangu kwa samaki ni klauni wawili, vifuu kama wanne hivi, kangaja mmoja wa njano aje mwisho kabisa, na matumbawe laini, yale magumu labda huko mbele nikishaiva.

Kilichobaki ni skima, ile mashine ya kutoa uchafu majini kwa povu, na hapo ndo nimekwama. Ziko tatu ninazoziangalia. Ya kwanza boksi limeandikwa hadi lita 300, ya pili lita 400 hadi 800, ya tatu lita 1200. Muuzaji ananisukumia hiyo ya tatu, anasema skima haijawahi kua kubwa kupita kiasi, ukiweka kubwa maji yanazidi kua masafi basi. Rafiki yangu anayefuga nae ananiambia lita 300 ni lita 300, namba si imeandikwa pale, unahangaika nini. Sasa nani mkweli hapa? Hivi kuna hesabu yoyote ya kupata ukubwa unaofaa au watu mnabahatisha tu? Na kuna kitu kingine cha kuangalia zaidi ya hizo lita za kwenye boksi?

Natanguliza shukrani.

Povu_Kavu

Mkuu usijisumbue, kanuni ni ndogo tu, chukua skima iliyoandikiwa mara mbili ya maji yako umemaliza. Hizo namba kila kiwanda kinajiandikia chenyewe, hakuna kipimo kimoja ambacho wote wanakifuata, na wengi wanaandika kama vile tangi lako lina samaki wawili wanaoshiba kwa kunusa. Ukiweka ya 300 kwenye lita 300, siku ukijaza samaki utaniambia. Kwa hiyo ya kwanza itoe. Kati ya hizo mbili zilizobaki mi ningebeba ya tatu, ukiona inavuta sana unapunguza hewa.

Mkunga_Jiweni

Povu_Kavu nakubaliana na wewe nusu. Ya kwanza itoke, sawa. Ila ya tatu kwa tangi hili hapana, na hilo la kupunguza hewa ndo hapana kabisa, ngoja nieleze, samahanini nitarefusha.

Kazi yote ya skima inafanyika kwenye ngozi ya kiputo. Ndani ya maji kuna protini, mafuta, ute wa samaki, ute wa matumbawe, mabaki ya chakula yaliyoyeyuka, na nyingi ya hizo molekuli zake upande mmoja unapenda maji na upande wa pili unayakimbia. Zikikutana na kiputo zinang'ang'ania pale pale hewa inapokutana na maji, kiputo kinapanda nazo, kikifika juu maji yanachuruzika kurudi chini, linabaki povu zito linasukumwa na povu linalokuja nyuma yake mpaka linamwagikia kwenye kikombe. Ndo maana viputo vinatakiwa viwe vidogo mno na viwe vingi, ngozi nyingi kazi nyingi, na ndo maana wale wenzetu wa maji baridi hawana habari na hii mashine, bila chumvi viputo vinaungana vinakua vikubwa vinapasuka juu bila kubeba kitu.

Sasa angalia shingoni, pale juu povu linapopandia kwenda kikombeni. Povu halisimami kwa sababu ya hewa, linasimama kwa sababu ya ule uchafu ulioligandisha. Uchafu ukiwa kidogo utaliona linafika mwanzo wa shingo, linazunguka pale pale, viputo vya juu vinakua vikubwa vyeupe vinapasuka, linashuka, linapanda tena. Muda wote huo kikombe kikavu. Na hapa ndo ukubwa unapoleta shida maana shingo ya kipenyo cha sm 8 eneo lake ni kama sm za mraba 50, ya sm 12 ni 113. Kipenyo kimeongezeka nusu tu lakini eneo la kujaza povu limezidi mara mbili. Samaki saba kwenye tangi jipya watautoa wapi uchafu wa kusimamisha povu la shingo hiyo? Utakachoona ni kikombe kikavu siku kadhaa halafu siku umelisha vizuri kinajaa ghafla maji mepesi yasiyo na rangi, kesho yake kikavu tena, na wewe umeshika kirekebishio unakizungusha kila saa. Ni kumvalisha mtoto koti la babake, koti halina kosa ila mtoto hatembei.

Na kupunguza hewa, mkuu wangu, unakua umenunua pampu kubwa inayokula umeme mwingi halafu unaiziba pua. Hewa ndo kazi yenyewe. Skima ikivuta hewa kidogo viputo vinapungua, ngozi inapungua, na shingo bado ni ile ile pana. Kama ni skima yenye pampu ya DC ya kupunguza mwendo hapo kuna nafuu kidogo, ila hata hiyo shingo haipungui.

Kwa hiyo mimi huwa siulizi lita ngapi, nauliza chakula kiasi gani kinaingia humo ndani kwa siku. Lita 300 zenye klauni wawili na lita 300 zenye mkunga na bunju wanaokula vipande vya samaki ni matangi mawili tofauti kabisa, skima moja haiwezi kuyatosha yote mawili. Hilo boksi la pili linakuambia hilo hilo kama ukilisoma vizuri, 800 ni kwa tangi la samaki wachache, 400 ni kwa tangi lililojaa. We soma namba ndogo kila siku. Boksi lenye namba moja tu kama lile la 300 chukulia ni ile kubwa kati ya hizo mbili, ndogo wameificha.

Povu_Kavu

Sawa mkuu hapo kwenye shingo umenigusa. Lakini huyu bwana atakua anaongeza samaki, hamna mtu anabaki na samaki saba, tunajuana humu 😂 na tangi likishajaa ile ya pili itakua imebanwa. Bora kubwa inayosubiri kuliko ndogo unayokuja kuibadilisha.

Mkunga_Jiweni

Haha hilo la kuongeza sibishi. Ila ya pili mwisho wake lita 400 tangi likiwa limejaa, na yeye hana hata lita 300 za maji. Nafasi ya kukua ipo tayari.

Tumbawe_Laini

Kifuu_Bluu habari kaka. Kabla hujaendelea na hiyo hesabu ya mara mbili sijui mara moja na nusu, jua kwanza una maji kiasi gani kweli maana 300 ni glasi tupu hiyo. 120 mara 50 mara 50 gawa kwa 1000 inakupa 300, haya, lakini hujazi mpaka ukingoni, tuseme maji yako sm 46, hapo ni 276. Mchanga wa sm 5 na mawe vinakula nao sehemu yao, kama mawe sio mlima utabaki na 235 au 240 hivi. Kisha unajumlisha sampu, na sampu usihesabu ukubwa wake wote, hesabu mpaka pale maji yanapoishia pampu zikiwa zinafanya kazi. Hiyo ndo namba ya kwenda nayo kwenye boksi.

La pili, na hili watu wanalisahau mpaka skima iko mkononi, chukua futi nenda kwenye kabati. Pima chumba cha sampu ambamo skima itakaa, urefu na upana wake, nyaya na mabomba yanapita wapi, kimo kutoka sakafu ya sampu mpaka juu ya kabati. Skima ikiingia haitoshi, kikombe lazima kitoke kwa juu na kinatoka kikiwa kimejaa, ukikiinamisha kidogo tu lile tope linarudi lote kwenye maji na harufu yake nyumba nzima inahamia nje. Acha sm 8 au 10 juu yake.

La tatu ni kina cha maji ndani ya hicho chumba. Skima za kukaa kwenye sampu kila moja ina kina chake, kwenye kitabu chake wameandika, nyingi ziko kati ya sm 15 na 25. Maji yakizidi hapo povu linakua la majimaji linamwagika, yakipungua povu haliifikii shingo. Kubwa kuliko kina chenyewe ni kwamba kisibadilike. Kama chumba cha skima kinapanda na kushuka kila maji yanapokauka, hata uwe na skima ya bei gani itakusumbua. Kiwe na ukuta wa kioo mbele yake ili maji yamwagikie chumba kinachofuata, upungufu wa maji uonekane kwenye chumba cha pampu ya kurudisha maji tangini peke yake.

Halafu kangaja wa njano kwenye sm 120 ataishi ila mpe nafasi ya kuogelea, usirundike mawe mpaka juu.

Bunju_Mpole

mi nafuga bila skima kabisa na tangi langu zuri tu 🤷 nabadilisha maji kila wiki afu nna chumba cha mwani kwenye sampu basi. hizi mashine ni kelele tu

Tumbawe_Laini

@Bunju_Mpole tangi lako lita ngapi mpendwa?

Bunju_Mpole

60

Tumbawe_Laini

Ahaa. Kwa 60 uko sahihi kabisa, asilimia 10 au 15 ya maji kila wiki ni ndoo moja, unamaliza umerudi kukaa. Kwenye lita 280 hiyo asilimia 15 ni lita 42 za maji ya chumvi ya kuchanganya, kupima, kupasha moto, kila wiki. Inawezekana na wapo wanaofanya, matumbawe laini mengi wala hayapendi maji yaliyosafishwa sana. Ila skima inafanya na kazi nyingine, inaingiza oksijeni usiku mzima na kutoa kaboni dayoksaidi, na kwa mwenye samaki wengi hilo peke yake linatosha kuiweka.

Kifuu_Bluu

Aisee asanteni sana, nimeenda na futi kama dada alivyosema. Majibu haya hapa:

Sampu kwa ndani sm 60 kwa 38, maji yanasimama kama sm 20 kwa wastani, kwa hiyo lita 45 hivi. Nikijumlisha na tangi napata kama 280. Chumba cha skima ni sm 28 kwa 36, humo maji yanasimama sm 25 na yamezuiwa na kioo kwa hiyo hayabadiliki. Kutoka sakafu ya sampu mpaka juu ya kabati ni sm 66.

Skima ya pili kimo chake sm 48, chini inakaa kwenye sm 24 kwa 20, shingo sm 9, na wanataka kina cha maji sm 18 mpaka 21. Ya tatu kimo chake sm 62!! yaani juu inabaki sm 4. Nimecheka peke yangu, muuzaji hakuniuliza hata kabati likoje.

Kulisha nafikiria mara mbili kwa siku, chembechembe asubuhi na cha kugandishwa jioni. Sasa maswali: hicho kina cha sm 25 si kimezidi, nipunguze maji ya sampu au nifanyeje? Na nikiiwasha lini, sasa hivi bila samaki au nisubiri? Na kuna mtu kaniambia skima inaondoa naitreti, ni kweli?

Mkunga_Jiweni

Ya tatu imejitoa yenyewe basi, tusigombane tena 😄 Chukua ya pili. Kabla hujalipa angalia namba mbili ambazo haziko mbele ya boksi, ziko kwenye kitabu au ubavuni: hewa inayovuta kwa saa, na maji yanayopita kwa saa. Skima mbili zenye lita sawa kwenye boksi, inayovuta hewa lita 500 kwa saa na inayovuta 250, na shingo ziko karibu sawa, hizo sio sawa hata kidogo, ya kwanza ina viputo vingi zaidi kwa mwili ule ule. Ila usikimbilie hewa nyingi kwenye mwili mwembamba nako, maji yanakua na fujo ndani, viputo vinagongana na povu haliwahi kutulia. Kiungo cha kukagua kwa macho ni feni ya pampu, iwe ile ya sindano sindano au ya wavu, ndo inayokatakata hewa ikawa maziwa. Ukiona mwili wa skima umejaa weupe mtupu kama ukungu bila viputo unavyoweza kuvihesabu, hiyo inafanya kazi.

Maji yanayopita kwenye skima linganisha na yanayoshuka kutoka tangini kuja sampu. Yanayoshuka yakiwa machache kuliko yanayopita kwenye skima, itakua inasafisha maji yale yale ya sampu yanayorudi rudi na tangi juu linabaki na yake.

Naitreti hapana. Ikishakua naitreti haishiki kwenye kiputo, ishatoka mikononi mwa skima. Fosfeti iliyoyeyuka hivyo hivyo, na hata sukari sukari zile zinazopenda maji pande zote zinapita tu. Inachofanya skima ni kuwahi ile protini kabla haijaoza ikawa amonia, naitraiti, naitreti. Kwa hiyo naitreti haitashuka kwa kuiwasha, itapanda polepole zaidi. Anayetaka kuishusha abadilishe maji au aweke mwani. Na hata kwa zile inazozishika haimalizi, kubwa au ndogo, kuna kiasi povu linashindwa kukitoa na kinabaki kwenye maji, ndo maana hoja ya muuzaji kwamba ukubwa unaleta usafi usio na mwisho haisimami.

Tumbawe_Laini

Kina: usipunguze maji ya sampu kaka, hayo ni maji yako umeyalipia. Inyanyue skima. Kigae cha akriliki au kile kiwavu cha plastiki cha taa, kikate, panga mpaka ufike sm 5, skima itakua kwenye maji ya sm 20. Plastiki tupu, chuma hapana hata kama wanakuambia hakishiki kutu, na matofali hapana. Hesabu: 5 na 48 ni 53, kwenye 66 unabakiwa na 13 za kutoa kikombe. Safi.

Kuwasha: osha kwanza kwa maji na siki kidogo, suuza sana, inatoka kiwandani na mafuta mafuta yanayovuruga povu. Ukiiwasha sasa hivi bila samaki haitakudhuru ila usitegemee kitu kwenye kikombe, mawe tu hayana cha kuipa. Mi ningeisubirisha mpaka klauni waingie na waanze kula. Hapo ipe siku chache mpaka wiki mbili, itakua inafanya vituko, leo inamwagika kesho imelala, weka kirekebishio maji yaishie chini kidogo ya shingo halafu uache mikono. Watu wanaiharibu kwa kuigusa gusa. Ikishatulia ndo unasogeza kidogo, ukisogeza unasubiri siku nzima ndo unaangalia.

Na ikishatulia kuna siku itakushtua. Ukiingiza mkono wenye mafuta au kulisha chakula chenye mafuta mengi povu linaporomoka lote, masaa machache linarudi. Ukitumia ile gundi ya kubandikia matumbawe au dawa ya kuondoa klorini inafura inamwaga kikombe kizima. Ukijua unaenda kufanya hayo, izime kabla.

Povu_Kavu

Haya nimeshindwa kihalali 😂 ila niongeze moja la maana. Umeme ukikatika au ukizima pampu ya kurudisha ili ulishe, maji ya kwenye mabomba na ya juu ya tangi yanashuka yote sampuni, kile kina chako cha sm 20 kinakua 24, 25. Skima ikiwa bado inafanya kazi hapo inakunywa na kikombe kinajaa kinamwagikia kabatini. Kwa hiyo skima na pampu ya kurudisha zikae kwenye swichi moja, ukizima moja zimezimika zote. Na umeme ukirudi ikichelewa kidogo kuwaka ndo bora zaidi, sampu iwe imeshatulia.

Pia shingo uifute kila wiki kwa ndani, ule utando wa kahawia ukikaa povu haliteleziki juu yake linakwama. Bomba la hewa nalo linaziba kwa chumvi pale mdomoni linapoingia, ukisikia sauti imebadilika au ukungu umepungua pitishia maji ya bomba ya uvuguvugu. Wengi wanadhani skima imekua ndogo kumbe pua imeziba.

Bunju_Mpole

hiyo ya swichi moja hata mimi nimejifunza na skima sina

Kifuu_Bluu

Basi ni ya pili. Hewa yake nimeiona ubavuni, lita 480 kwa saa, na yanayoshuka sampuni ni mengi kuliko yanayopita kwenye skima. Kigae cha sm 5 naanza kukata leo. Mkunga_Jiweni la mwisho: povu lenyewe nilitegee la kukauka au la majimaji?

Mkunga_Jiweni

Kwa samaki wako hao anza katikati, kikombe kiwe na maji ya rangi ya kahawia, yasiwe tope jeusi wala yasiwe meupe. La majimaji linatoa uchafu zaidi lakini linaondoka na maji yako ya chumvi, utakua unarudisha chumvi ukidhani ni mvuke tu umepungua, pima chumvi mara kwa mara ukienda huko. La kukauka sana nalo linaganda shingoni na kuzuia lenzake. Kangaja akija na kulisha kukiongezeka sogeza kuelekea majimaji kidogo, shingo ya sm 9 itakua imeshapata mzigo wake.